Mtoto Asiyepunga Mkono

Somo: Marko 7:31–37





Katika kuzitembelea nyumba za Wakristo wa parishi yetu, kuna swali moja ambalo hutujia mara kwa mara, na karibu kila mara huulizwa kwa sauti ya chini. Mama humaliza kumimina chai, huwaambia watoto wakubwa watoke nje, kisha husema: "Mchungaji, huyu mdogo ametimiza mwaka na miezi minne. Hapungi mkono watu wakiaga. Hanyooshi kidole. Nikimwita hageuki, ila apende mwenyewe. Je, niombe na kungoja, au kuna jambo?" Baba akiwapo husema kwamba wanawake wana hofu nyingi. Bibi akiwapo husema kwamba hata baba yake mtoto alichelewa kusema, na leo ni fundi hodari pale Mabatini. Mama hunyamaza. Tumeona yafaa jibu letu liandikwe hapa, ili lisomwe na baba na bibi pia.

Kwanza, wasiwasi wa namna hii si dhambi, wala si upungufu wa imani. Wako wanaomfunga mama mdomo kwa kutaja Mathayo sura ya 6, ambapo Bwana anawakataza watu kusumbukia maisha yao. Isomeni sura hiyo vizuri. Pale Bwana anasema juu ya chakula, mavazi na mambo ya kesho. Lakini katika Injili zote nne hamtamwona mzazi hata mmoja aliyekwenda kwake kwa ajili ya mtoto akaambiwa arudi nyumbani kwa kuwa anajisumbua bure. Yairo alikwenda, na Bwana akafuatana naye mpaka nyumbani kwake. Diwani wa Kapernaumu alikwenda. Mwanamke Mkananayo alikwenda akipiga kelele, na waliotaka aondolewe upesi walikuwa wanafunzi; Bwana alimwacha aseme mpaka mwisho, akaisifu imani yake. Mama akienda kuuliza, ikaonekana kwamba mtoto ni mzima, amepoteza asubuhi moja ya foleni. Asipouliza, na jambo likawapo, atakayelipa ni mtoto.

Mkumbukeni Hana. Alipokuwa akiomba kule Shilo, midomo yake ilicheza na sauti haikusikika, na kuhani Eli, aliyekuwa ameketi kitini pake, akamtazama akadhani amelewa. Kuhani aliona ishara, akaisoma vibaya. Hana hakuondoka kwa hasira. Alimjibu kwa heshima, akamweleza uchungu wake, na Eli alipokwisha kumsikiliza akamwombea heri. Kiti cha Eli ndicho tunachokalia sisi wachungaji, na wazee wa kanisa, na mama wakwe. Kina hatari yake, maana mtu akikalia hapo huona haraka na kusikia polepole.

Tena Samweli alipokwisha kuachwa kule kuhudumu, mama yake alikuwa akimshonea kanzu ndogo na kumpelekea kila mwaka (1 Samweli 2:19). Hebu tujiulize alijuaje kipimo. Mtoto yuko Shilo, mama yuko Rama, wanaonana wakati wa dhabihu ya mwaka tu, na kanzu ya mwaka huu haiwezi kuwa sawa na ya mwaka jana. Hana alikichukua kipimo cha mtoto wake machoni na moyoni. Mama wengi wanacho kipimo hicho. Tukimwambia mama "acha hofu zako," twamwambia akitupe kitu alichopewa na Mungu kwa kazi maalum.

Sasa tuseme juu ya mikono ya mtoto. Wengi hudhani kwamba kukua kwa mtoto ni meno, kutambaa, kusimama dede, na neno la kwanza. Lakini kabla ya maneno huja mikono. Mtoto wa miezi 9 au 10 hunyoosha mikono yote miwili juu ili abebwe. Hukitoa kitu alichokishika, akampa mtu, kisha akakitaka tena. Hupiga makofi akiimbiwa. Akikaribia mwaka hupunga mkono watu wakiaga, na hutikisa kichwa akiukataa uji. Halafu, kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu, hutokea jambo ambalo wataalamu wa watoto hulithamini kuliko mengi, nalo ni kidole.

Mtoto amebebwa ubavuni, mama anapita mwaloni Kirumba, na mtumbwi unaingia. Mtoto hautaki mtumbwi ule. Hawezi kuula wala kuushika. Lakini anaunyooshea kidole, kisha anageuza uso kumtazama mama, apate kuhakikisha kwamba mama naye ameuona. Kidole cha kuomba ndizi ni kizuri. Kidole cha kuonyesha mtumbwi kina maana kubwa zaidi, kwa sababu hapo mtoto amekwisha kujua kwamba mama ana macho yake na mawazo yake, na kwamba jambo la ajabu ni tamu zaidi likionwa na wawili. Hayo ni mazungumzo kamili, ingawa hayana neno hata moja.

Wala mambo haya hayakuvumbuliwa katika vitabu vya ng'ambo. Katika mwaka 1954 na 1955 bibi mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, alikaa Uganda, upande wa pili wa ziwa letu, akawaangalia watoto wachanga 28 pamoja na mama zao, nyumba kwa nyumba, katika vijiji vya karibu na Kampala. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliwaona watoto wa Kiganda wakimlaki mama kwa kunyoosha mikono na kwa kupiga makofi, wala si kwa kumbusu kama watoto wa kwao walivyozoea. Kwa hiyo mama asishtuke akiona katika kijitabu picha ya mtoto akifanya ishara ambayo nyumbani kwake haifanywi. Aangalie ishara tunazowafundisha watoto sisi wenyewe: kupokea kwa mikono miwili, kupiga makofi, kuaga, kumtaka mtu ambebe. Mtoto anazijaribu? Hutazama kule tunakomwonyesha? Hutuletea kitu ili nasi tukione? Mahali popote duniani mtoto hufanya ishara, ijapokuwa kila nyumba ina zake.

Juu ya miguu twataka wazazi wapumue kidogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 matokeo ya uchunguzi wa watoto wazima zaidi ya 800 wa Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Watoto hao walianza kutembea wenyewe wakiwa na umri wa kati ya miezi 8 hivi na miezi 17 na nusu. Yaani mtoto wa jirani aweza kutembea karibu miezi tisa kabla ya wako, na wote wawili wakawa hawana kasoro. Wengine, wapatao 4 katika kila 100, hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Walitafuta njia nyingine, wakainuka. Na kule Kenya, katika kijiji kimoja cha Wakipsigis, mtaalamu aitwaye Charles Super alieleza mwaka 1976 kwamba watoto huketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani kwa sababu mama zao huwafundisha kwa makusudi, lakini kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakuwatangulia wenzao. Bibi zetu waliowazungushia watoto nguo chini ili waketi bila kuanguka walijua walilokuwa wakifanya.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati naye ahesabiwe kwa haki. Aliyezaliwa miezi miwili mapema, siku atimizapo mwaka mmoja wa kuzaliwa, kwa habari ya maendeleo yake ni mtoto wa miezi 10. Mpaka afike miaka miwili hivi, hesabuni kutoka siku aliyotazamiwa kuzaliwa.

Hapa tuna neno na wale wanaowapima watoto uwanjani baada ya ibada. Watoto wawili huwekwa chini karibu karibu, na mtu husema kwa sauti, "Wa fulani anakimbia, huyu bado?" Msemaji hufikiri ametania. Mama aliyeambiwa hivyo hatakuja Jumapili ifuatayo. Na tumewajua wengine ambao hawakuja mwezi mzima. Desturi hii ikome.

Lakini, ndugu, tusije tukauponya moyo wa mama kwa maneno ya kumlaza usingizi. Yako mambo yasiyongojewa. Mtoto akitimiza mwaka bila kubwabwaja, wala kupunga mkono, wala ishara nyingine yoyote, apelekwe aangaliwe. Akifika miezi 16 hana neno hata moja. Akifika mwaka mmoja na nusu haonyeshi vitu kwa kidole au hatembei. Akifika miaka miwili haunganishi maneno mawili kwa nia yake mwenyewe. Au wakati wowote haitiki jina lake, apelekwe. Kupelekwa si kuhukumiwa. Wengi hurudi na habari njema. Ila liko moja ambalo halitaki hata wiki ya kungoja: mtoto aliyekuwa akisema maneno, au akipunga mkono, au akicheka na watu, kisha akaviacha. Huyo apelekwe siku hiyo hiyo, hata kama bibi ana mifano kumi ya watoto waliochelewa. Kuchelewa ni jambo moja, na kupoteza ulichokuwa nacho ni jambo jingine.

Yaanze masikio. Mtoto asiyesikia hucheka, hutembea, hucheza, na macho yake huwa makali kwelikweli, hata nyumba nzima ikaweza kuishi naye mwaka na nusu bila kujua. Kugonga sufuria nyuma yake hakutoshi kuwa kipimo, maana aweza kuhisi mtikisiko au kuona kivuli chako. Kuna masikio yanayotoa usaha kwa miezi mingi, na watu wameyazoea kana kwamba ni mafua tu. Kuna manjano makali ya siku za kwanza, kuna homa ya uti wa mgongo, kuna malaria iliyopanda kichwani, kuna mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa. Yote haya yaweza kugusa masikio, au viungo, au akili, na mama akumbuke kuyataja mbele ya mganga wa hospitali, hata kama hakuulizwa. Ndiyo maana pia twawahimiza juu ya chanjo ya surua na rubela, inayotolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Rubela ikimpata mama mjamzito yaweza kumfanya mtoto azaliwe kiziwi. Wako watoto wengine ambao husikia vizuri, lakini njia yao ya kukutana na watu si kama ya wenzao. Hali hiyo huitwa usonji. Haikuletwa na malezi mabaya, wala haikuletwa na chanjo.

Tumeulizwa pia kama Kisukuma na Kiswahili pamoja vinamchanganya mtoto, au Kikerewe cha bibi, au Kijita cha baba. Havimchanganyi. Mtoto mzima hujifunza lugha mbili au tatu, na maneno yake yahesabiwe yote pamoja, ya huku na ya kule. Msimnyamazishe bibi. Linalomnyima mtoto maneno ni nyumba isiyosema naye. Tumeingia katika nyumba ambamo mtoto wa mwaka mmoja amepewa simu ili atulie, na ametulia kweli. Amenyoosha kidole chake, lakini kwenye kioo, na hakuna uso wa mtu wa kuugeukia.

Twajua kliniki zetu zilivyo. Foleni ni ndefu, mtoto ananing'inizwa mizanini, uzito unaandikwa kwenye kadi, anaitwa mwingine. Uzito ni jambo jema, na umewaokoa wengi. Lakini mizani haiulizi kama mtoto anapunga mkono. Basi mama aseme mwenyewe. Asingoje kuulizwa. Aseme kwa maneno machache: "Hageuki nikimwita," au "Alikuwa akisema mama, sasa hasemi." Ahadi ya miezi 18, ambayo wengi huiruka kwa kuwa mtoto amekwisha kukua, ndiyo nafasi nzuri kuliko zote ya kuuliza habari za kidole na maneno. Serikali yenyewe ilizindua Dodoma, mwezi Desemba 2021, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Kwa hiyo mama anayeuliza habari hizi haombi upendeleo. Hapa Mwanza tunayo Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure, tunayo na Bugando juu ya kilima, iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye waganga wa watoto na wa masikio na watu wa mazoezi ya viungo. Ndugu zetu wa Sengerema, ambao zamani safari hiyo iliwapotezea nusu siku kwa kungoja kivuko cha Busisi, tangu Juni 2025 wanalo daraja.

Twarudi nyumbani sasa, kwa kuwa mara nyingi kizuizi kikubwa hakiko barabarani. Mtoto akionekana kuwa na kasoro, watu huanza kutafuta mwenye kosa. Kwa kawaida anayepatikana ni mama. Alipita mahali pabaya akiwa mjamzito, alivunja mwiko, ukoo wake una mambo. Baba hukaa pembeni kama shahidi, utadhani mtoto si wake. Wanafunzi nao walimwuliza Bwana juu ya yule aliyezaliwa kipofu, kama ni yeye aliyetenda dhambi au wazazi wake. Na Bwana akaikataa hesabu hiyo yote, upande wa mtoto na upande wa wazazi (Yohana 9). Hakuwapa hata nafasi ya kulaumu kidogo. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua kwa uchungu kule ambako maneno ya wapiga ramli hufikisha watu. Mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyoenea kuanzia mwaka 2006 na 2007, yalianza kwa imani kwamba mwili wa mtu aliye tofauti ni kitu cha kutumiwa. Mzazi anayemficha mtoto wake chumbani asiitwe mjinga upesi. Huenda anaogopa. Lakini mtoto aliyefichwa hasikii maneno, hapati ishara, hana wa kumnyooshea kidole.

Sasa lisomeni somo letu. Mambo hayo yalitokea kando ya ziwa, kama kwetu. Watu walimletea Yesu mtu aliyekuwa kiziwi, ambaye kusema kwake kulikuwa kwa shida. Angalieni kwamba aliletwa. Mtu asiyesikia hawezi kusikia habari kwamba Yesu anapita. Lazima wawepo wengine waliokwisha kuona haja yake. Kisha Bwana akamtenga na mkutano, faraghani. Akatia vidole vyake masikioni mwake. Akatema mate, akamgusa ulimi. Akatazama juu mbinguni, akaugua. Ndipo aliposema neno moja, Efatha.

Tumelisoma somo hili miaka mingi tukikimbilia lile neno. Lakini kabla ya neno zilitangulia ishara nne au tano, na kila moja yule kiziwi aliweza kuielewa. Vidole masikioni: hapa ndipo penye shida yako. Mkono ulimini: na hapa pia. Macho juu: msaada watoka huko. Hata kule kuugua, aliweza kukuona kifuani mwa Bwana. Yesu alisema naye kwa mikono kwanza, kwa kuwa huko ndiko mtu yule alikokuwa akiishi. Bwana hakumdai maneno mtu asiyekuwa nayo. Vivyo hivyo katika Luka sura ya 1, Zakaria alipofungwa ulimi, aliwapungia watu mikono. Na siku ya kumpa mtoto jina, jamaa walimwashiria wapate kujua apendalo. (Wako wanaodhani kutokana na hapo kwamba masikio yake nayo yalikuwa yamefungwa, maana mtu anayesikia haashiriwi.) Nyumba ile ya kikuhani iliishi kwa ishara miezi mingi, na humo ndimo alimozaliwa Yohana Mbatizaji.

Na katika Marko sura ya 9 baba mmoja alimleta mwanawe, wanafunzi wakashindwa. Bwana alipofika, kabla ya kutenda lolote, alimwuliza baba yule: tangu lini? Baba akajibu, tangu utoto. Swali hilo halikuwa la kumshika mtu na kosa. Ni swali la mtu anayetaka kujua. Mwenye kuuliza hivyo pale hospitali anauliza swali alilouliza Bwana, na baba zetu wafahamu kwamba katika Injili aliyekuwa na jibu lake ni baba.

Kuna jambo ambalo hatuwezi kulipita. Watoto wengine watapelekwa, wataombewa, watatunzwa, na bado hawatasema kama wengine. Tumeona katika mikutano mikubwa ya hadhara mtoto akiinuliwa jukwaani mbele ya maelfu, akapazwa sauti masikioni mwake, akaamriwa aseme. Aliposhindwa, mama akaambiwa kwamba imani yake ndiyo iliyopungua. Bwana alimtoa yule kiziwi katikati ya mkutano. Hawa wanamtoa mtoto faraghani na kumpeleka mkutanoni. Sisi tutaendelea kuwaombea watoto, kwa mafuta na kwa kuwawekea mikono, kama Kanisa lifanyavyo, na hatutamwambia mzazi kwamba mtoto wake hakufunguka kwa sababu yake. Mtoto aliyeangaliwa mapema, akiwa na mwaka au miwili, hufundishwa mengi ambayo akiwa na miaka saba ni magumu. Kama ni kiziwi, iko lugha ya alama, na wazazi waweza kujifunza pamoja naye. Hiyo ni lugha kamili. Kama njia yake ni nyingine, wako wanaojua kumfundisha mama namna ya kuketi chini naye, kufuata macho yake, kucheza na kile anachokipenda yeye, na kungoja.

Tena tusisahau desturi yetu wenyewe. Sisi Waanglikana huwabatiza watoto wachanga. Karibu kila mmoja wetu aliletwa kisimani akiwa hana neno hata moja kinywani, na wadhamini wakajibu kwa niaba yake, na Kanisa likapokea jibu lao kuwa jibu lake. Hakuna aliyeulizwa atasema lini. Mtoto ambaye leo ana miaka mitatu na hasemi hajapungukiwa na kitu katika ubatizo wake, na wadhamini wake hawajamaliza kazi. Wengine wetu tulidhamini watoto, tukala pilau, na hatujui hata kama wanatembea. Wiki hii nendeni mkawatazame.

Na mtoto anayepiga kelele kanisani, au anayezungukazunguka wakati wa mahubiri bila kusikia akiitwa, aachwe. Wazee wa zamu wasimwondoe mama yake mlangoni kwa macho.

Mary Sumner alipoanzisha Umoja wa Mama kule Uingereza mwaka 1876, alichokuwa nacho moyoni ni mzigo wa wazazi wachanga, kwa kuwa mjukuu wake wa kwanza alikuwa amezaliwa. Katika mkutano wa kwanza alishikwa na haya hata akashindwa kusema, akawaomba wanawake warudi wiki iliyofuata. Nao walirudi. Basi asiwepo mama wa parishi hii anayefikiri kwamba lazima apate kwanza maneno mazuri.

Tumekubaliana na akina mama wa Umoja kwamba Jumapili ya pili ya kila mwezi, baada ya ibada ya pili, wawili wao, mmoja akiwa muuguzi mstaafu, watakaa katika chumba cha nyuma ya kanisa. Mlango utafungwa. Mzazi mwenye neno juu ya mtoto wake aje naye, pamoja na kadi ya kliniki. Ikiwa lazima kwenda hospitali, mmoja wao atafuatana naye, na asiye na nauli atapewa kutoka katika sanduku la wahitaji. Baba pia anakaribishwa, na kama mama yuko sokoni, aje yeye na mtoto.